Mwalimu Mpya Hakatai

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, duka la fotokopi lililo karibu na soko la La Paz huwa halina pa kuweka mguu. Kila mwalimu wa mji wa Iloilo aliyelala likizo nzima huamka Jumamosi hiyo akakumbuka kwamba ukuta wa darasa lake ni mtupu. Basi wote hujazana mbele ya kaunta na makaratasi kwapani, jasho linawatoka, na kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia.

Jovelyn Palmares alikuwa amesimama humo tangu saa tatu asubuhi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ajira yake ya kwanza ilikuwa na siku nne, na alivaa gauni la njano ambalo mama yake alisema linamfanya aonekane mwalimu. Kifuani alikumbatia mawingu. Yalikuwa mawingu thelathini na manane ya karatasi, moja kwa kila mtoto wa darasa la tatu, na juu ya kila wingu kulikuwa na jina lililoandikwa kwa mwandiko mzuri kiasi kwamba mwenye duka aliacha mashine yake kuutazama.

"Hayo yote yanapigwa laminesheni?" sauti ya mwanamume iliuliza nyuma yake.

"Yote."

"Mawingu?"

"Una ugomvi na mawingu?"

"Mimi sina. Wenye ugomvi nayo ni watoto. Wiki ya pili watakuwa wameyabandua. Wiki ya tatu utakuta moja chooni."

Jovelyn aligeuka akiwa tayari kumtolea mtu uvivu. Alimkuta kijana wa miaka thelathini na kidogo, shati la buluu limefuliwa mpaka kola imechoka, mkononi ana karatasi moja tu. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala vya kutosha, lakini yalikuwa yanacheka.

"Wewe ni mwalimu au mtabiri?"

"Mwalimu. Darasa la sita, mwaka wa tisa huu. Naitwa Arnel Sumagaysay." Akainama kutazama wingu la juu. "Huu mwandiko ni wako?"

"Wangu."

"Ufiche."

"Nini?"

"Ufiche, nakuambia. Mwalimu mkuu akiuona, utaandika vyeti vya shule nzima mpaka ustaafu. Andika kama daktari. Na kama unajua kucheza ngoma, kuanzia leo hujui. Una goti bovu. Uko shule gani?"

Jovelyn alipomtajia shule, Arnel alifumba macho. "Ndiyo yangu," alisema. "Pole sana."

Jovelyn alicheka bila kutaka. Akampisha mbele, maana karatasi moja haichukui hata dakika. Arnel alitoa kopi yake, akalipa, kisha badala ya kwenda zake akabaki pale saa mbili nzima akimshikia mawingu.

Shule ilipofunguliwa, ushauri ulianza kumiminika, aombwe asiombwe. Arnel alimwambia watu wa kwanza kufanya nao urafiki ni mlinzi wa geti na mhudumu wa usafi, kwa sababu wao ndio wenye funguo. Mwalimu mkuu ana kiti tu. Alimwambia aende chooni kila mapumziko hata kama hajisikii. Alimwambia asishindane sauti na watoto thelathini na wanane. Jovelyn akashindana, na Alhamisi ya wiki ya pili akawa hana sauti, anafundisha kugawanya kwa kupiga makofi.

"Nilikuambia," Arnel alisema kwenye simu jioni ile.

Jovelyn alijibu kwa mkwaruzo.

"Usijibu. Kunywa maji ya moto na tangawizi. Na namba yako ya simu, usiwape wazazi."

Ushauri huo nao ulichelewa. Ilikuwa Julai, mvua za kwetu hazina adabu, na wingu likitanda tu wazazi thelathini na wanane humuuliza mwalimu kama kesho kuna shule, utadhani yeye ndiye anayeileta tufani.

Agosti walikuwa wanarudi nyumbani pamoja, na kabla ya kupanda jipni, gari la abiria, walikula batchoy, supu ya tambi, kwenye kibanda kimoja pale sokoni. Arnel alimwita Inday, kama anavyoitwa binti mpendwa. Jovelyn alimwita Nong Arnel, kama anavyoitwa mkubwa wako, ili tu amkere.

"Nong ni baba yangu. Mimi nina miaka thelathini na moja."

"Haya, Nong."

"Ningejua ningekuacha na mawingu yako."

"Ungeweza?"

Arnel alitazama supu yake. "Nisingeweza," alisema, na masikio yakamwiva. Jovelyn alijua siku hiyo kwamba amekwisha, na hakusikitika hata kidogo.

Katika ushauri wote, mmoja Arnel aliurudia mara nyingi kuliko mwingine: usikose mkutano wa walimu. Hata ukiumwa, hata ukihara, nenda, maana asiyekuwepo ndiye anayechaguliwa. Ndivyo yeye alivyopewa kazi ya ngoma mwaka wake wa kwanza. Alikwenda kung'olewa jino, akarudi akiwa mwalimu wa kikundi kinachowakilisha shule kwenye mashindano ya jiji. Miaka minane baadaye alikuwa bado anawafundisha watoto kutikisa manyoya juani.

Septemba, Jovelyn alikosa mkutano mmoja. Alikuwa na watoto saba wasiojua kusoma, aliobaki nao kila siku baada ya masomo, na mmoja wao, Kyla, alikuwa hajaonekana kwa wiki nzima. Jovelyn alimfuata nyumbani kwa bibi yake, akakaa naye mpaka akapata ahadi kwamba Jumatatu mtoto atarudi. Alirudi shuleni amefurahi, viatu vimejaa matope, akakuta jina lake kwenye ubao wa ofisi ya walimu: Ngoma, J. Palmares. Mazoezi kila siku baada ya masomo.

"Nani ameniandika pale?" alimuuliza Bi Nening wa darasa la kwanza, mama mtu mzima aliyebakiza miaka miwili astaafu.

Bi Nening alikohoa. "Muulize mchumba wako, mwanangu."

Alimkuta Arnel akisahihisha madaftari.

"Ni wewe?"

"Kaa kwanza."

"Arnel, ni wewe?"

"Ni mimi. Sikiliza. Karani ameacha kazi. Mwalimu mkuu alitaka mwalimu wa kukaa ofisini nusu siku, na alikuwa anatafuta aliye mpya. Jina lako lilikuwa mdomoni mwake. Nikasema wewe utashika ngoma. Mwenye ngoma haongezewi ofisi. Nilikuokoa."

"Uliniokoa kwa kunitwisha mzigo wako."

Arnel aliweka kalamu chini, akasema, na hapo angalau alikuwa mkweli, "Na nilikuwa nimechoka, Inday. Sababu zote mbili ni za kweli."

"Ungeniuliza."

"Hukuwepo."

"Nina simu. Simu hiyohiyo unayoipiga mara sita kwa siku kuniuliza nimekula nini." Sauti ilianza kumtetemeka, akakasirika zaidi kwa sababu inatetemeka. "Kyla anarudi Jumatatu. Nimemwahidi bibi yake. Sasa atanikuta wapi, uwanjani nagawa manyoya?"

Aliondoka bila kungoja jibu. Kuanzia siku hiyo simu iliita na Jovelyn akaiacha iite.

Mwanamume mwingine angekwenda kuomba msamaha kwa maneno mawili. Arnel Sumagaysay alikaa akafikiri, na akili ya mwalimu anayefikiri ni jambo la kuogopwa, kwa sababu lazima itoke na programu nzima ya sherehe.

Tarehe tano Oktoba, Siku ya Walimu, shule nzima ilikaa uwanjani. Baada ya hotuba tatu muziki ulibadilika. Watoto wa Jovelyn, wale thelathini na wanane, wakatoka mstarini, kila mmoja ameshika waridi, wamefundishwa hata pa kukanyaga. Mwisho wa safu alitokea Arnel, amevaa barong, shati jeupe la sherehe, lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Alipiga goti juu ya sakafu ya saruji. Mwalimu mkuu, Bi Consorcia Belandres, ambaye kwa kawaida hakubali hata kikao cha dakika tano bila barua, alileta kipaza sauti mwenyewe.

"Jovelyn Palmares," Arnel alisema, na sauti yake ikasambaa mpaka sokoni, "utakubali tuoane?"

Uwanja mzima ulianza kuimba ndiyo, ndiyo. Wazazi waliinua simu zao. Jovelyn alitazama watu mia saba, na hakuona hata mmoja anayengoja kusikia atasema nini. Walikuwa wameshamjibia. Alikuwa anampenda yule mtu aliyepiga goti, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

Alichukua kipaza sauti. "Asanteni," alisema. "Watoto rudini kivulini, jua kali." Kisha, kwa sauti ya chini, "Inuka, Arnel. Suruali inachafuka."

Akaenda darasani kwake, akafunga mlango, akalia mpaka kengele ilipogonga.

Maneno yaliyosemwa wiki ile hayaandikiki. Wauza samaki walimwita mwenye maringo, na shangazi yake alipiga simu kutoka kijijini kuuliza kama ana akili timamu. Siku ya tatu Arnel alipopiga, alipokea.

"Nilidhani utafurahi," Arnel alisema.

"Mbele ya watu mia saba ningesema nini?"

"Ungesema ndiyo."

"Na kama nilitaka kufikiri?"

Upande wa pili kalamu ya kusahihishia iligonga meza mara mbili.

"Umenifundisha kumkataa kila mtu katika shule ile," Jovelyn alisema. "Isipokuwa wewe. Wewe ukiamua, mimi nimeshakubali. Ndoa ya namna hiyo siiwezi, Arnel, hata kama nakupenda. Na nakupenda."

Arnel hakujitetea. Alisema tu, "Nimekusikia," na kwa mara ya kwanza ni yeye aliyeaga mapema.

Mkutano wa walimu uliofuata ulikuwa Ijumaa. Jovelyn alikuwepo, mstari wa nyuma. Kabla ajenda hazijafungwa Arnel alisimama.

"Naomba kurekebisha kumbukumbu za Septemba."

"Zilishapitishwa," alisema Bi Belandres.

"Nilimpendekeza Mwalimu Palmares bila kumuuliza. Nilikosea. Naomba jina lake lifutwe. Ngoma ibaki kwangu."

"Basi Mwalimu Palmares ataingia ofisini."

"Ofisi ni ya karani, mama. Tuombe karani. Barua ya kuomba nimeshaiandika, nimetia sahihi. Nani mwingine atatia?"

Walimu ishirini na wawili waligundua ghafla kwamba simu zao zina jambo muhimu. Mmoja alijifanya anatafuta kalamu aliyokuwa ameishika. Arnel alisimama pale peke yake na karatasi yake, shingo imelowa jasho, na hakumtazama Jovelyn hata mara moja. Jovelyn aliinuka, akatia sahihi. Bi Nening akamfuata akisema magoti yake hayajafa. Kisha wakaja kumi na mmoja, wengine kwa kunung'unika. Bi Belandres aliipokea barua kwa ncha za vidole, na kwa kumkomoa Arnel akamwongezea na skauti.

Jioni ile walikuwa kibandani kwao, batchoy imefika nusu bakuli.

"Inday," Arnel alisema, "nikuulize kitu. Hulazimiki kunijibu leo."

"Uliza."

"Utakubali tuoane?"

Mwenye kibanda alikuwa akimgombeza muuza vitunguu, hakuna aliyewasikiliza. Jovelyn aliweka kijiko chini. "Nipe mpaka Jumatatu."

"Jumatatu?"

"Umesema silazimiki."

"Sikudhani utafanya kweli." Alijipangusa uso kwa leso. "Haya. Jumatatu."

Jumamosi simu ya Jovelyn haikuita. Alifua, akaandaa masomo ya jioni ya Kyla na wenzake sita, akaitazama simu. Jumapili alikwenda kanisani, akala kwa mama yake, akaitazama tena, akaizima na kuiwasha kuona kama ni mbovu. Mwanamume wa simu sita kwa siku hakupiga hata moja, hakutuma hata salamu. Jovelyn alikaa kitandani akajiuliza maswali yote magumu: ubishi wa Arnel, kujifanya kwake anajua, uchovu wake, miaka minane iliyo kati yao. Hakuna aliyemharakisha. Kufikia jioni alikuwa na jibu lake mwenyewe.

Jumatatu asubuhi shule ilipanga mistari kwa ajili ya kupandisha bendera. Arnel alisimama mbele ya darasa la sita, macho mekundu, shati limefungwa kifungo kimoja juu na kingine chini. Jovelyn alipita kukagua mstari wake, akasimama ubavuni kwake. Bi Belandres alishika kipaza sauti akaamuru watu wote watulie.

"Arnel," Jovelyn alisema kwa sauti ya chini, akitazama mbele.

"Ee?"

"Ndiyo."

Wimbo wa taifa ukaanza. Wakati huo hata inzi haruhusiwi kufukuzwa. Arnel alisimama wima, mkono kifuani, hawezi kugeuka, hawezi kusema, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na akaimba kila ubeti kwa sauti iliyowashinda watoto. Darasa la sita walikwenda kusimulia nyumbani kwamba hawajawahi kuona mtu anayeipenda nchi yake namna ile.