Doa la Mlangoni

Jumatatu asubuhi, saa moja kasoro, mke wa mwenye nyumba alipiga yowe pale mlangoni. Viatu vya mumewe vya ofisini, vilivyopangwa kando ya ukuta, vilikuwa vimeota ukungu kama mkate wa wiki iliyopita. Nyuma yavyo rangi ya ukuta ilikuwa imebambuka na plasta imelowa chepechepe.

Mumewe hakuhitaji ushahidi. "Baba, ni wewe na birika lako! Kila jioni unaoshea miguu hapa. Jumamosi kiti chako kinahamia chumba cha nyuma."

Mzee, sajini mstaafu wa polisi, alinyong'onyea. Kiti kile kilitazama barabara, na raha yake yote ilikuwa kujua nani kapita na nani.

"Basi kesi hii naichunguza mwenyewe," alisema.

"Mshukiwa ajichunguze?"

"Una mpelelezi mwingine humu ndani?"

Alianza kwa kujinyima: akaoshea miguu bafuni. Ukuta ukaendelea kulowa. Mvua nayo ilikuwa na utetezi mzuri, maana haikuwa imenyesha mwezi mzima, na ndani ya ukuta ule hapakupita bomba. Jumatano akabandika kipande cha nailoni ukutani, akaziba kingo zote kwa selotepu. Alhamisi, mbele kilikuwa kikavu. Nyuma kimejaa matone.

"Mwanangu, maji hayatoki humu ndani," alimnong'oneza mkwewe. "Yanapenya kutoka nje."

Akausimamisha mkongojo wake ukutani, akaufunga uzi kwenye kimo doa lilipokomea, akatoka nje. Alirudi akicheka peke yake.

Ijumaa jioni alimkuta mwanawe nje, mpira wa maji mkononi.

"Maua haya unayamwagilia mara ngapi?"

"Kila jioni, mpaka yashibe."

"Na udongo huu wote, nani kaurundika ukutani?"

"Mimi. Maua ya jirani yalikuwa yanatuchungulia juu ya uzio, Baba. Ningevumilia vipi? Nikainua yetu."

Sajini akausimamisha mkongojo. Uzi ukalingana sawasawa na kilele cha udongo.

Mwana akautazama uzi, kisha mpira uliokuwa ukitiririka bado. Mkewe, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akaenda kufunga bomba bila kuambiwa.

"Nisamehe, Baba. Nilikuonea."

"Nimekusamehe. Sepetu iko stoo."

Jumamosi kiti kilihama kweli, hadi nje, kivulini.

"Chimba mpaka msingi uonekane," Sajini aliamuru, akijimiminia maji ya birika miguuni. "Ukuta ukauke kabisa ndipo upake rangi."

Mwana alichimba, amevaa vile viatu vya ukungu. Hiyo ilikuwa hukumu ya mkewe.