Watoto Watatu kwenye Karatasi

Kila alfajiri Rhonda Blevins hutia kahawa kwenye chupa, humfungia binti yake mkate wa siagi ya karanga, kisha hushuka mjini kuhudumia wazee wasiojiweza. Josie, mwenye miaka kumi, hungoja kwa jirani yao, mzee Orville Stamper. Saa moja kasorobo basi la shule la manjano husimama mlangoni. Miaka nenda miaka rudi, mambo yalikuwa hivyo katika Bonde la Buckhorn, juu milimani.

Kabla ya Krismasi ikaja barua kutoka ofisi ya mabasi ya shule. Ilisema: "Wanafunzi waliohesabiwa ni watatu tu. Kuanzia Januari basi halitapanda Buckhorn. Wanafunzi wasubiri kwenye barabara kuu."

"Watatu!" Rhonda akafoka. "Watoto wa akina Ratliff peke yao ni wanne! Hawa wanahesabu wamefumba macho?"

Jumamosi akaamua kwenda kuiona njia hiyo. Akatembea na Josie maili mbili hadi barabara kuu. Pembeni hapakuwa na pa kukanyaga, ni lami na mtaro tu. Kwenye kona, lori la magogo likawajia ghafla. Rhonda akamvuta mtoto, wote wawili wakaangukia mtaroni. Lori halikupunguza hata mwendo.

"Mama, nitapita hapa peke yangu kila siku?" Josie akauliza.

Rhonda akampangusa matope, akiwaza. Akiacha kazi ili amsindikize, watakula nini? Asipoacha, mtoto atapita kwenye kona hiyo.

Alipofika kwa mzee Orville, alifungua mlango bila kubisha. Mzee huyo aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja, na sheria za mabasi alizijua vizuri.

"Wamelaaniwa hao!" Rhonda akasema.

"Kaa kwanza. Kufoka jikoni hakupandishi basi mlimani." Mzee akavaa miwani, akaisoma barua. "Walihesabu siku tatu za mwisho wa Novemba. Wewe ulikuwa wapi?"

Rhonda akavuta kiti, akaketi. "Mlimani na Josie. Tukiwinda kulungu."

"Na akina Ratliff?"

"Mlimani."

"Na mimi pia. Karibu bonde zima! Basi lilipanda tupu, likashuka na watoto watatu."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Nusu. Zamani wilaya yetu ilifunga shule wiki ya kulungu, watu wakawinde. Sasa sheria mpya ya jimbo imeunganisha mabasi yetu na ya mjini, ofisi ni moja. Na fedha za jimbo zinatolewa kwa idadi ya watoto waliopanda basi siku za kuhesabu. Watu wa mjini wanajua nini kuhusu kulungu?"

"Basi sheria imetunyonga."

"Sheria hiyohiyo imeacha mlango. Umesoma nyuma ya barua?"

Hakuwa amesoma. Akaigeuza. Kwa herufi ndogo iliandikwa kwamba familia tano zikileta ombi ndani ya siku thelathini, lazima zisikilizwe hadharani. Na ombi likiwa linasubiri jibu, basi haliondolewi.

"Wameandika kidogo hivi ili tusione!" Rhonda akasema.

"Sasa umeona. Andika hesabu ina kosa gani na njia ina hatari gani. Weka tarehe. Kila familia itie sahihi. Peleka mwenyewe, na nakala yako waigonge mhuri."

"Mzee, mimi si wakili."

"Wamesema wanataka wakili? Wanataka majina."

Jumapili, baada ya kanisa, Rhonda alipita nyumba kwa nyumba. Familia kumi na moja zilitia sahihi. Jumatatu akapeleka ombi ofisini, akarudi na nakala yenye mhuri, na Januari basi likaendelea kupanda.

Siku ya kusikilizwa, Bwana Pruitt, mkuu wa usafiri, alisimama mbele ya bodi ya shule na karatasi zake. "Takwimu hazidanganyi, mama. Watoto ni watatu."

"Bwana, siku hizo ungekuja kwangu usingenikuta. Ungeandika kwamba sina nyumba?"

Watu wakacheka. Pruitt akawa mwekundu. "Nani aliwaambia mwende kuwinda siku za shule?"

"Hilo kosa letu, nalikubali! Sasa semeni lenu. Nani kati yenu amepita kwa miguu kwenye ile kona ya malori?"

Wajumbe wa bodi wakainamia karatasi zao.

"Hakuna hata mmoja! Mnampangia mtoto wangu njia ambayo ninyi wenyewe hamjaikanyaga. Hamuoni haya?"

Bodi ikaamuru watoto wahesabiwe upya, na Pruitt ahesabu mwenyewe.

Asubuhi ya kuhesabu theluji ilianguka. Rhonda alibadilishana zamu ili aone kwa macho yake. Pruitt aliketi kiti cha mbele na kalamu. Josie alipanda wa mwisho, akasimama mbele yake.

"Umeniandika?"

"Nimekuandika."

"Nionyeshe."

Pruitt akamgeuzia karatasi. Josie akalitafuta jina lake kwa kidole, akaliona. Namba kumi na tisa.

Basi la Buckhorn halikuondolewa. Novemba iliyofuata, wiki ya kulungu, Rhonda alimpandisha Josie basini kama siku nyingine.

"Mama, na kulungu je?"

"Kulungu atangoja Jumamosi. Wanaohesabu hawangoji."