Shuka Nane na Chumvi ya Mama Mkwe

Mshonaji aliinua shuka kutoka kwenye beseni, akaitazama, akaguna. Jana ilikuwa ya waridi. Leo ilikuwa nyeupe tu, tena nyeupe chafu. Rangi yote ilibaki kwenye maji. Hii ilikuwa mara ya tatu.

"Chumvi ilikuwa kidogo," alisema mama mkwe wake, ameketi kwenye kigoda. "Sisi tulikuwa tunatia chumvi."

"Tumetia vikombe viwili, mama."

"Ndiyo nakwambia. Tia vitatu."

Mshonaji aliikamua shuka. Hakuwa na mazoea ya kumbishia mkwe. Mume wake aliuza juisi, na kila siku alirudi na gunia la kokwa za parachichi, nzi wakimfuata nyuma. Kokwa hizo zikioshwa na kuchemshwa taratibu hutoa rangi ya waridi. Ndiyo maana alikubali kazi ya shule ya watoto wadogo: shuka nane za kulalia, za waridi, ziwe tayari Ijumaa. Mwalimu alisema wazi kwamba zikichuja, kazi atapewa mwingine. Na leo ilikuwa Jumanne!

Alitoka bila kuaga, akaenda mlango wa pili, kwa jirani. Jirani huyo alifanya kazi kwenye karakana ya kutia nguo rangi. Watu walimwita Dada Vidole, maana vidole vyake havikuwahi kuwa na rangi moja.

"Chumvi?" Dada Vidole alicheka baada ya kusikia kisa chote. "Rangi hii haishikwi na chumvi, hata umwage gunia. Na shuka zenyewe, ulizichemsha kwanza?"

"Ni mpya! Nichemshe nini?"

"Nguo mpya ina wanga na mafuta ya kiwandani. Rangi haiingii vizuri. Zichemshe saa nzima na sabuni na magadi, uzisuuze. Kisha tafuta shabu, lile jiwe jeupe la vinyozi. Litwange. Kwa kilo moja ya nguo kavu, tia vijiko vikubwa kumi. Yeyusha kwenye maji ya moto, uloweke nguo mpaka kesho yake. Hapo ndipo uzitie kwenye maji ya kokwa. Moto mdogo, saa moja, uziache humo zipoe. Anika kivulini. Na sufuria hiyo usiipikie tena chakula. Shabu si ya kula."

Mshonaji alinunua shabu, akaitwanga, akaitia kwenye kopo. Mama mkwe alichungulia ule unga mweupe, akatabasamu.

"Hiyo sasa ndiyo chumvi! Nilisema mimi."

Mshonaji alichoka hata kujibu. Akaliweka kopo jikoni.

Alhamisi, baada ya kufuata kila hatua ya Dada Vidole, alifua shuka mara mbili. Maji ya pili yalibaki safi. Shuka zilibaki za waridi! Alikuwa akicheka peke yake uani aliposikia kopo likifunguliwa jikoni. Alichungulia. Mama mkwe alikuwa ameshika kijiko juu ya sufuria ya maharage.

"Mama, acha! Hiyo si chumvi!"

Sauti yake ilimshtua hata yeye mwenyewe.

"Si chumvi?"

"Ni shabu! Ndiyo iliyoshika rangi. Chumvi haikusaidia kitu, mama. Tangu mwanzo haikusaidia kitu!"

Mama mkwe alirudisha kijiko ndani ya kopo, polepole.

"Na wewe ulijua tangu juzi," alisema. "Ukanyamaza. Ningelisha nyumba nzima shabu."

Mshonaji alilitazama kopo lisilo na alama yoyote. Siku zote hizo alimkasirikia mkwe moyoni, kumbe kosa kubwa kuliko yote lilikuwa lake. Mama mkwe alifunga uzi mwekundu kwenye kopo, akalipeleka chumba cha cherehani, mbali na jiko.

Ijumaa shuka zilifika shuleni. Baada ya mwezi mwalimu aliagiza nyingine nane. Zile za kwanza zilifuliwa kila wiki, na zilikuwa zimefifia kidogo tu.

Siku moja mwanamke wa nyumba ya nyuma alikuja na kitambaa kipya mkononi.

"Nasikia hapa mnatia chumvi."

Mama mkwe alimkata jicho.

"Chumvi ni ya maharage," alisema. "Keti nikufundishe. Kitambaa umekichemsha?"