Shingo Isiyo na Chapa

Redio ya Land Rover ilikoroma.

"Mwewe, hapa Makao. Tambua kiwanda cha saksafoni. Ikiwa ni Zubor, mwenyewe ananyongwa. Ndege saa kumi. Kwisha."

Guleid alitazama Omega yake. Saa nane na nusu. Garissa, mwaka 1966, jua la kuua mtu. Jasusi huyu alizaliwa huku huku, lakini mjini humu hapakuwa na hata mmoja wa kumkaribisha chai.

Kituoni, Inspekta Kilonzo alikuwa ameiweka saksafoni mezani. Kando, mikononi ana pingu, aliketi mzee Jama, mwenye saksafoni hiyo, aliyewahi kuipiga katika bendi ya jeshi la Mwingereza.

"Zubor wanawaundia majasusi wa nje vyombo vyenye mfuko wa siri," alisema Kilonzo. "Na hii imeandikwa Corvella. Nani amewahi kusikia Corvella? Jina bandia hilo!"

Guleid aliguna. Bandia wapi! Corvella lilikuwa jina la duka. Maduka ya zamani yaliagiza kiwandani, yakachongewa majina yao. Mtengenezaji humtafuti kwenye jina, unamtafuta kwenye kazi yake.

Alitoa lenzi. Kingo za matundu zilikunjwa nje kama za sufuria. Namba ilikaa chini ya kishikio cha kidole gumba.

"Kiwanda cha Brenndorf ndicho hukunja hivi. Kabla ya vita vya Hitler. Si Zubor."

"Na mikwaruzo hii? Kila kipande kinayo! Msimbo wa waasi wa shifta!"

"Chapa ya ngamia, bwana. Watu wetu hawaachi mali bila chapa."

Watu wetu. Lilimtoka tu.

Kisha akaigeuza shingo ya saksafoni.

Haikuwa na chapa.

Aliichokonoa kwa kisu hadi ikafunguka. Bomba ndani ya bomba, na katikati filamu iliyokunjwa. Aliinyanyua dirishani: njia ya malori ya jeshi kwenda Wajir, kesho alfajiri.

"Shingo ni ya Zubor. Nani alikubadilishia, mzee?"

Jama aligeuzia uso ukutani.

"Utanyongwa!" alifoka Kilonzo.

"Nimesikia."

Ni mtu gani ambaye mzee anakubali kufa kuliko kumtaja? Guleid alijua desturi za kwao: mume wa dada hasalitiwi.

"Una shemeji?"

Macho ya mzee yalicheza. Kilonzo akaruka kitini. "Awil! Fundi wa redio pale sokoni. Amemwoa dada yake!"

Guleid alikwenda mbio. Mbuzi walitawanyika. Awil alimwona, akatupa chuma cha kulehemu, akachomoa bastola, Browning.

Walther ya Guleid ilitangulia. Risasi moja, mkononi. Browning ikaanguka vumbini.

"Makao, hapa Mwewe. Kiwanda ni Brenndorf. Mzee hana hatia. Aliyetia shingo ya Zubor ninaye. Badilisheni njia ya malori. Kwisha."

"Safi, Mwewe."

Saa kumi ndege ilimchukua Awil. Guleid alimfungua Jama pingu kwa mkono wake, kisha akaunyoosha mkono huo huo.

"Nabad, abti," alisema kwa lugha ya kwao. Amani, mjomba.

Jama hakuupokea.

"Roho yangu umeniokolea, nashukuru. Lakini dada yangu ana watoto wanne. Nani atamwambia mumewe harudi?"

Iliuma, wallahi iliuma. Kwa miaka mitatu, tangu aingie kazi ya serikali, hakuna aliyemwita Guleid mjomba wala ndugu.

"Mimi," alisema. "Nionyeshe nyumba."

Mzee alionyesha kwa kidevu. Guleid alivaa Ray-Ban, akarudisha Walther kwapani, akashika njia taratibu, peke yake. Alipopita, milango ilifungwa mmoja mmoja.

Ule wa mwisho aliugonga.