Mkanda Ndani ya Chupa

Nilipokuwa msichana wa shule, kila siku nikitoka darasani nilipitia kwanza studio ya shangazi yangu, hata viatu sijavua. Studio yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, na nyuma ya pazia zito kulikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha. Kazi yangu ilikuwa ileile: kuosha sinia za dawa, kuzifuta, kisha kuanua picha zilizokauka kwenye kamba, zimebanwa kwa vibanio vya nguo. Dawa moja ilinuka siki. Mpaka leo nikifungua chupa ya siki jikoni, namwona shangazi akitoka gizani huku akifuta mikono kwenye aproni. Mtaa mzima walimwita Bi Picha.

Miaka ile picha haikuonekana papo hapo. Kamera ilitiwa mkanda, na mkanda mmoja ulitoa picha thelathini na sita, basi. Ukiisha, uliutoa na kuutia kwenye kikopo chake chenye kifuniko, ukasubiri mpaka usafishwe ndipo ujue umepata nini. Wanangu nikiwaeleza hivyo hunitazama kana kwamba nawatania.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili siku shangazi aliponichukua harusini kwa mara ya kwanza. Sikulala vizuri kwa furaha. Asubuhi nikafungua dirisha, na loo! Mbingu nzima ilikuwa nyeusi.

"Shangazi, mvua itatuharibia kazi."

"Itaharibu nini?" alijibu huku akikunja shuka jeupe. "Jua kali ndilo linalowafanya watu wakunje uso kama wamelamba ndimu. Wingu ni pazia, na leo nimetundikiwa bure. Leta taulo kavu, mbili. Na mwavuli ule mkubwa."

Kamera yake aliivika mfuko wa nailoni wenye tundu moja tu, la lenzi kuchungulia. Kisha akaninyooshea kidole. Alipoinua kile kidole, hata paka wetu alikaa chonjo.

"Kazi yako ni moja. Nikikupa mkanda uliokwisha, utie kwenye kikopo, ubane kifuniko. Kikopo kwenye nailoni, nailoni kwenye begi. Ukimaliza hapo ndipo una ruhusa ya kupumua. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Tulipofika nyumbani kwa bibi harusi, mvua ilianza kunyesha bila simile. Uani, kwenye maua yaliyopandwa kwa ajili ya picha, pakageuka matope matupu. Bibi harusi alikuwa ameketi chumbani, wanja unamchuruzika mashavuni.

"Picha zangu, Bi Picha! Siku yangu imeharibika!"

"Nani kasema tunatoka nje?" shangazi akamwuliza. "Barazani kwenu panatosha. Futa machozi, mama, mimi sipigi picha za matanga."

Watu wakacheka, hata bibi harusi mwenyewe. Shangazi akasogeza viti barazani, akalitundika lile shuka jeupe upande wenye giza ili lirudishe mwanga usoni mwa watu. Mvua ilipochapa kwa upepo alirudi nyuma, akaifunika kamera kwa taulo, akasubiri. Ilipopungua alisogea. Hakukimbia hata mara moja. Akawasimamisha maharusi chini ya mwavuli ukingoni mwa baraza, pazia la matone nyuma yao, nami nikaona kwa macho yangu kwamba pale palipendeza kuliko yale maua.

Basi pembeni mwa baraza alikuwepo bibi mmoja, nyanya yake bibi harusi, ambaye jina lake la utani lilikuwa Bibi Sitaki. Chai, sitaki. Mto wa kuegemea, sitaki. Lakini alichokataa kuliko vyote ni picha. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumpiga hata moja. "Sura yangu naijua," alikuwa akisema, "na nyinyi mnaniona kila siku. Picha ya nini?" Siku ile alijificha kwenye pembe ambako kamera haikumfikia.

Kumbe paa lilikuwa linavuja palepale. Tone la kwanza likamwangukia puani, la pili shingoni. Akaburura kiti chake huku akilisema lile paa, na bila kujua akaja kukaa ubavuni mwa mjukuu wake. Bibi harusi akamwinamia, akamfuta pua kwa shela yake. Yule bibi akaangua kicheko, kinywa wazi, meno mawili tu. Shangazi akabonyeza. Ilikuwa picha ya thelathini na sita.

"Wee! Umenipiga?"

"Nimekupiga, bibi. Nisamehe."

Bibi Sitaki akakiweka vizuri kitambaa chake kichwani. Sote tulingoja atuchachamalie. "Haya," akasema. "Maadamu umeshapiga, itoke vizuri. Usije ukaniletea sura ya mtu mwingine."

Baraza zima lilipiga makofi. Shangazi akauzungusha mkanda hadi ukajiviringa wote ndani ya kasha lake dogo, akautoa chini ya taulo na kunikabidhi, kisha akageuka kutia mwingine. Nikawa nimeshatoa kikopo begini. Hapo ndipo alipofika mdogo wake bibi harusi, rika langu, tuliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika.

"Njoo ushike mwavuli wa dada! Utatokea kwenye picha!"

Mimi, nitokee kwenye picha! Niliyekuwa nikianua picha za watu kila siku! Kichwa kilinizunguka kwa furaha. Mkanda nikautumbukiza mfukoni mwa gauni, kikopo nikakiacha kitini, nikakimbilia mwavuli. Sekunde kumi hazikupita, upepo ukauvuta ule mwavuli, nami nikaurukia ili nisiuachie. Mkanda ukachomoka mfukoni. Chini ya mchirizi wa paa kulikuwa na ndoo ya kukingia maji ya mvua. Nilisikia chubwi!

Nilimpa mtu mwingine mwavuli, nikajifanya nafunga kiatu, nikauopoa mkanda. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka ndani yake.

Chiriku alikuwa ameona kila kitu. "Usilie bwana, utawashtua," alininong'oneza. "Twende jikoni. Jiko la mkaa bado lina moto. Tutaukausha, utie kwenye kikopo, nani atajua?"

"Na kama umeharibika?"

"Si utasema ni mvua? Leo kila kitu ni mvua."

Niseme ukweli, wazo lile lilinipendeza. Nilichuchumaa mbele ya jiko, mkanda umeviringwa kwenye kitambaa, Chiriku akipepea mkaa. Mvuke mwembamba ukaanza kupanda. Nilikuwa nikijiambia kwamba mambo yatakuwa sawa.

Ukuta wa jikoni ulipakana na chumba cha Bibi Sitaki, na juu palikuwa wazi. Nikasikia sauti yake, anazungumza na mwanawe, mama wa bibi harusi.

"Nipigilieni msumari pale, mkabala na mlango. Hiyo picha itakaa pale."

"Leo unataka picha, mama?"

"Si imeshapigwa! Wajukuu watakaozaliwa nyuma yangu wataambiwa tu kwamba nilikuwepo. Sasa wataniona. Tena nikicheka."

Nikautazama ule mkanda mkononi. Yule bibi alikuwa mle ndani, yeye na meno yake mawili, na mimi nilikuwa najiandaa kumwambia kwamba ni mvua.

Nikasimama.

"Unakwenda wapi?" Chiriku akanivuta gauni. "Utachapwa wewe!"

"Bora nichapwe."

Nilimkuta shangazi anawapanga wazee kwenye viti. Nilimnong'oneza sikioni, maneno yanagongana: kikopo, mfuko wa gauni, ndoo, jiko. Nilipotaja jiko, alinishika bega kwa nguvu.

"Umekauka?"

"Bado, shangazi. Tulikuwa tunaukausha."

"Nipeni chupa ya mdomo mpana!" akapaza sauti. "Na maji safi ya baridi. Upesi, jamani!"

Chupa ikaletwa. Nami nikabaki mdomo wazi, kwa sababu shangazi aliuchukua ule mkanda, akautumbukiza majini, wote ukazama, akafunga kifuniko. Nilidhani amechanganyikiwa kwa hasira.

"Shangazi, unaulowesha tena?"

"Mkanda ukishalowa, usithubutu kuukausha," aliniambia polepole. "Juu yake kuna utando laini, ndio uliobeba picha. Ukilowa unakuwa kama gundi. Ukikauka ukiwa umeviringwa unagandana, na ukiufungua picha zote zinachunika. Ndani ya maji unabaki laini. Ungekaa pale jikoni nusu saa nyingine, tusingepata hata moja."

Hakunigombeza. Alinipa chupa nikae nayo, akawarudia wazee wake, akawachekesha na kuwapiga kama kawaida. Kule kutogombezwa kuliniuma kuliko fimbo. Sikushika tena mwavuli, wala sikutokea kwenye picha hata moja ya harusi ile.

Jioni hiyohiyo tuliingia kwenye chumba cha giza, kabla shangazi hajala wala kuvua viatu vilivyolowa. Alizima taa. Giza lilikuwa zito mpaka sikuona mkono wangu.

"Nihesabie kwa sauti," alisema. "Usiharakishe."

Nikahesabu. Nilimsikia akifungua mkanda ndani ya maji, kidogo kidogo, kisha akiupitisha kwenye sinia ya dawa, huku na huku, huku na huku. Kuna wakati aliguna, akasita. Niliendelea kuhesabu huku machozi yananitoka. Gizani sikuhitaji kuyaficha. Taa ilipowashwa, mkanda ulining'inia kutoka mkononi mwake. Picha tano za mwanzo zilikuwa zimechunika. Ya mwisho ilikuwepo: bibi harusi, shela, kinywa kilicho wazi. Upande mmoja palikuwa na doa la mviringo.

Siku ya kupeleka picha, shangazi alinivika gauni lilelile. "Utasema mwenyewe," akaniambia njiani. Nikasema mwenyewe, mbele ya bibi harusi, mama yake, Chiriku na Bibi Sitaki, kwamba picha tano zimepotea kwa sababu niliacha kazi yangu nikakimbilia mwavuli. Bibi harusi alisikitika, na hakuficha. Moja ya zile tano ilikuwa ya yeye na baba yake. Nilipiga magoti kumwomba radhi, akaniinua, lakini macho yake yalirudi kwenye zile picha. Shangazi akaahidi kurudi siku ya jua au ya mvua ampige na baba yake, na kweli tulirudi.

Bibi Sitaki aliisogeza picha yake karibu na macho. "Na hili doa?"

"Ni la yale maji, bibi. Nilikuangusha kwenye ndoo."

Akaangua kicheko kilekile. "Kumbe nimeoga na picha yangu! Ipigilieni msumari hivyo hivyo. Sitaki nyingine."

Tulipokuwa tukirudi, mvua nyepesi ikaanza tena. Shangazi akanivuta chini ya mwavuli.

"Mvua ningeiweza," alisema. "Taulo ninazo, nailoni ninayo, baraza za watu zimejaa. Hilo lako la jikoni nisingeliweza, kwa sababu nisingelijua. Kosa nalo ni kama ule mkanda, mwanangu. Ukilileta lingali bichi, kuna cha kuokoa. Ukilificha mpaka likauke, tutakuja kulichana pamoja na mazuri yote yaliyomo. Ukikosea, njoo. Njoo hata kama unatetemeka."

"Nitakuja, shangazi."

"Na ukipewa kikopo, bana kifuniko!"

Tulicheka wote wawili, tukatembea taratibu mpaka nyumbani.

Shangazi hayupo tena. Ile kazi niliirithi mimi, na siku hizi kamera yangu haina mkanda wala sihitaji chumba cha giza. Bibi Sitaki pia alikwisha kwenda zake, lakini mkabala na mlango wa nyumba ile angali anacheka, doa likiwa upande mmoja. Mwaka jana nilipiga harusi ya kitukuu chake. Mvua ilinyesha, nasi tukahamia barazani.

Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa akipanga begi langu, akatoa chupa ya mdomo mpana, tupu. "Mama, hii ya nini?" akauliza. Nikamwambia airudishe mahali pake, kisha akae nimsimulie. Nilipomaliza, akaingiza mkono mfukoni. Akatoa kifuniko cha lenzi yangu, kimepasuka katikati.

"Nilikikanyaga asubuhi," alisema, sauti inatetemeka.

"Vizuri umekuja," nikamwambia. "Lete hapa tuone."