Macho ya Mke wa Kipaza

Ndugu zangu, siku ya kura ilianza kwa utulivu nyumbani kwa Kipaza. Jina hilo alipewa na watu wa jimbo lake, kwa kuwa miaka kumi na tano alikuwa sauti ya upinzani. Alishindwa uchaguzi wa ubunge mara mbili, akalala rumande mara tatu, asinyamaze. Asubuhi hiyo alikunywa chai, akatoka na mkewe wameshikana mikono. Wapiga picha wakafurahi.

Kituoni, mkewe alitangulia. Karani akampa karatasi. Mama yule akaigeuzageuza, akaisogeza mpaka puani, kisha akanong'ona, "Mwanangu, picha ziko upande gani?"

Karani akamgeukia Kipaza. "Mheshimiwa, mama anahitaji msaidizi. Haoni."

Kipaza akacheka. "Anakutania huyo!"

Mkewe hakucheka. Alinyoosha mkono kuitafuta meza, akaangusha kichupa cha wino. Wino ukamwagikia viatu vyake, wala hakuinama kutazama. Kipaza akamshika mabega.

"Mke wangu! Tangu lini?"

"Jicho la kushoto tangu kampeni zilizopita. Hili jingine linafifia mwaka huu. Nilikuambia, baba watoto. Ukasema tumalize uchaguzi kwanza."

Kipaza alikumbuka. Alisema hivyo huku akiandika hotuba, hata kichwa hakuinua. Na ile cherehani ya mkewe iliyofunikwa shuka mwaka mzima? Alidhani mwenzake amechoka kushona. Hebu fikirini, jamani! Mtu aliyejua idadi ya vitanda katika kila zahanati ya jimbo!

Usiku alitangazwa mshindi. Watu wakambeba juu juu, naye uso umemkauka kama aliyefiwa. Kesho yake alimpeleka mkewe hospitali.

"Ni presha ya macho," daktari alisema. "La kushoto limekufa. La kulia tutajaribu kulinda nuru iliyobaki. Mngekuja mapema, yote mawili yangeokolewa kwa matone tu."

Mbunge mteule akaketi sakafuni, palepale koridoni, akalia mbele za watu. "Nisamehe, mama watoto."

"Nimekusamehe." Mkewe akampapasa usoni. "Ila niambie kweli, umezeeka? Siku nyingi sijakuona vizuri."

FUNZO

Kuwatetea watu ni kazi njema, lakini walio ndani ya nyumba yako nao ni watu. Mwenzako akikwambia anaumwa, weka kalamu chini, mpeleke hospitali leo. Maradhi hayangoji kura zihesabiwe.