Saa Nne ya Wapi

Shakuru anatengeneza simu Bwiza, mtaa wa Bujumbura. Yeye ndiye aliyetengeneza ukurasa wa mtandao wa chama cha mazishi cha mtaa. Mtu akifariki, anaandika jina, siku na saa ya jeneza kutoka nyumbani. Walio mbali wanafuata kwa video. Kwa miaka miwili hakuna aliyelalamika, maana wasomaji karibu wote walikuwa hapo hapo Bwiza.

Kisha akafariki Mwanne, mama yake.

Shakuru aliandika: kesho, saa nne asubuhi. Dada yake Asiya, mfanyakazi wa nyumbani huko Muscat, Oman, alisoma hivyo hivyo. Simu yake inakaa kwa tajiri wake. Aliomba apewe nusu saa amuage mama. Akapewa, kwa sharti kwamba asiombe tena.

Saa nne ya Muscat alifungua video. Akaona kioo cheusi. Bujumbura ilikuwa saa mbili tu, wanawake bado wanamwosha marehemu. Alipiga simu, lakini za wafiwa zote zilikuwa zimezimwa sauti. Nusu saa ikaisha, simu ikachukuliwa.

Siku ya tatu ndipo alipoweza kupiga tena.

"Kaka, mi nilingoja," alisema. "Hamukunionyesha mama."

Shakuru alimchukia yule tajiri, halafu akajichukia mwenyewe zaidi.

Christa, jirani anayetengeneza programu za ofisi, alikuwa amekuja kutoa pole, akayasikia maneno hayo. Aliomba kuona ukurasa, akauliza saa nne hiyo ni ya wapi.

"Ya hapa. Nani hajui?"

"Simu ya Asiya haijui. We uliandika saa bila kusema ni ya wapi. Mule unahifadhi matangazo, weka saa ya dunia nzima, ile wanaita UTC. Sisi tuko mbele yake masaa mbili, Muscat masaa nne. Mutu akifungua, ukurasa uulize simu yake inafuata saa ya wapi, ubadilishe, halafu uandike jina la muji pembeni."

Marekebisho yalichukua mchana mmoja. Mchana mmoja tu, na yeye alikuwa na miaka miwili ya kuyafanya. Alisahihisha na matangazo ya zamani yote.

Mwezi uliofuata alifariki mzee Sulemani. Binti yake aliye Dubai alifungua kwa wakati, akaona jeneza likitoka, akaitikia dua pamoja na watu wa uani. Mtaa mzima ulimshukuru Shakuru. Shukrani hizo zilimuuma.

Ijumaa moja Asiya alipewa simu, akafungua ukurasa. Tangazo la mama sasa lilisema: saa sita mchana, Muscat, saa nne asubuhi, Bujumbura. Akamwandikia kaka yake:

"Sasa iko sawa. Saa sita ile nilikuwa jikoni, napika wali. Simu ilikuwa juu ya friji, naiona."